Namba 47, Juu ya Paa

Jumapili, Oktoba 1

Mvua ya kwanza imenyesha, na wimbo wa kwanza umeanzwa juu.

Naandika miguu ikiwa kwenye beseni la maji ya moto, koo linaniwasha kama nimemeza mchanga. Baba mkwe wangu ndiye mwanzishaji wa nyimbo kanisani kwetu, kazi aliyoishika tangu mume wangu hajaota meno. Kinanda hatuna. Kile tulichokuwa nacho kiliungua radi ilipopiga mwaka juzi, na tangu hapo kimefunikwa shuka jeupe kama marehemu anayesubiri ndugu wafike. Kwa hiyo mchungaji anataja namba, Baba anasimama benchi la pili karibu na dirisha, anainua mkono wa kulia, anavuta neno la kwanza, nasi tunaingia. Alikoanzia ndiko tunakokwenda. Kwetu wimbo ukishaanzwa, hakuna wa kumrekebisha aliyeuanza, hata kama amewapeleka watu juu ya paa.

Leo alitupeleka juu ya paa. Tena namba 47, wimbo wa toba, ambao mtu anatakiwa auimbe kama anaunong'oneza mto wake. Ubeti wa pili wanaume wote walishanyamaza, wakabaki kufumba na kufumbua midomo kwa heshima. Ubeti wa tatu tulibaki wanawake wanne. Ubeti wa mwisho alibaki peke yake mama tunayemwita Kengele, kiongozi wa sauti ya kwanza, mshipa wa shingo umemsimama kama kamba ya kuanikia nguo.

Baada ya ibada alinifuata mpaka mlangoni.

"Katibu, mwambie mkweo. Mimi nina watoto wa kulea."

Jumatatu, Oktoba 2

Kazini. Kopi mia mbili za mtihani wa shule, mashine imekwama mara tatu. Mteja mmoja kaniuliza kwa nini nanong'ona, kama kuna mgonjwa ndani.

Jumapili, Oktoba 8

Juu.

Alhamisi, Oktoba 12

Kikao cha kamati. Ajenda ya kwanza paa linalovuja, ya pili choo kisicho na mlango, ya tatu mengineyo. Mengineyo ni Baba. Ilipofika hapo wote waligeuka kunitazama, kalamu ikanitoka mkononi.

"Sasa nani atamfunga paka kengele?" akauliza Mwenyekiti, ambaye ni muuza mbao na hupenda kuongea kama anapima ubao.

Nikawaambia mimi siwezi. Huyu mzee ni baba wa mume wangu, analala chumba cha uani kwetu, kila asubuhi nampelekea chai kwa mikono miwili. Sijawahi kumpinga hata kwenye habari ya chumvi. Leo nikamwambie sauti yake inaumiza watu?

"Basi tumpe kiti," akasema Mwenyekiti. "Kiti kizuri, cha mikono, na mto wake. Tukiweke mbele, tumshukuru kwa utumishi wa muda mrefu. Mtu mzima akishukuriwa anaelewa kwamba apumzike."

Wote wakapiga makofi. Mchungaji akaomba sala ya kufunga upesi kabla wazo halijapata dosari. Nimeandika kwenye muhtasari kwa mkono wangu mwenyewe: *Kamati imeridhia kiti.*

Jumapili, Oktoba 15

Kiti kilitolewa. Mbao nzuri, msasa umepita, mto wa buluu. Kikawekwa mbele, pembeni ya madhabahu, kinatutazama. Mwenyekiti akatoa hotuba ya shukrani iliyokuwa na neno "kupumzika" mara tano, nilihesabu.

Baba alisimama, akaushika mkono wa kiti, machozi yakamlengalenga. Akasema hakujua kwamba kanisa linamthamini kiasi hiki. Kwa kuwa limemwonyesha imani kubwa namna hiyo, naye ataongeza juhudi.

Ameongeza. Ameanzisha wimbo baada ya matangazo, mahali ambapo tangu kanisa lijengwe hapajawahi kuwa na wimbo. Ameanzisha mwingine wakati mchungaji anatafuta miwani. Jumla nyimbo tisa, zote juu. Na sasa yuko mbele anatutazama usoni, hivyo hata kujificha nyuma ya kofia ya mtu huwezi. Wanaume wanafumbua midomo mpaka magego yanaonekana, na sauti hakuna.

Jumatano, Oktoba 18

Nimemwambia mume wangu amwambie baba yake.

"Mwambie wewe, wewe ndiye mtu wa kanisa."

"Na wewe ndiye mtoto wake."

"Ndiyo maana siwezi."

Hapo hapo akakumbuka mfereji wa maji ya mvua unaovuja tangu mwaka juzi. Akachukua ngazi akapanda. Nimemwomba mfereji ule miaka miwili, leo umetengenezwa kwa nusu saa.

Jumapili, Oktoba 22

Mvua kubwa ibada nzima. Juu ya mabati hatukusikia wimbo, wala mahubiri, wala tangazo la usafi. Kila mtu aliimba anakotaka. Ibada nzuri kuliko zote mwaka huu, Mungu anisamehe.

Jumamosi, Oktoba 28

Barua imefika. Askofu anakuja Novemba 26 kuwapa watoto kipaimara, binti yangu akiwemo. Mgeni njoo, mwenyeji apone: choo kimepata mlango leo leo, baada ya kuutafuta miaka miwili.

Jumapili, Oktoba 29

Juu. Familia mbili zimehamia kanisa la ng'ambo ya barabara, kwenye kinanda na ngoma. Mama mmoja alinipungia mkono na kuniita kutoka kule. Alikuwa na sauti nzuri kabisa, ya kuongea na ya kuimba.

Alhamisi, Novemba 2

Kikao. Safari hii hawakuzunguka. Siku ya askofu nyimbo ataanzisha Katibu, ikienda vizuri aendelee moja kwa moja, na Katibu ndiye atakayemwarifu mkwewe. Nilipojaribu kukataa, Mchungaji akasema kwa upole, "Mama, kanisa linakuomba," na mchungaji akishasema kanisa linakuomba, mlango umefungwa.

Mmoja akasema mzee ameshadokezwa na kila mtu lakini habadiliki. Mwenyekiti akajibu, "Sikio la kufa halisikii dawa." Tukacheka. Na mimi nilicheka, tena ndiye niliyekawia kunyamaza.

Jumapili, Novemba 5

Juu. Sijamwambia.

Alhamisi, Novemba 9

Leo nilijikaza. Nilimpelekea chai, nikakuta ameketi dirishani na miwani yake ya kazi. Baba alikuwa fundi saa kwa miaka arobaini. Siku hizi hapokei kazi, ila meza na bisibisi zake ndogo bado zipo, na anazifuta vumbi kila siku.

Nikaketi kwenye kigoda nyuma yake. Kumtazama usoni sikuweza.

"Baba, kuna jambo kuhusu nyimbo. Watu wanaona kama zinaanzwa juu kidogo."

Hakugeuka. Nikarudia. Akageuka, akaniona, akatabasamu, akanisukumia sahani ya mkate.

"Kula, mama. Umekonda na mvua hii."

Nilitoka nimefura. Anajifanya hasikii! Nimemaliza wiki nzima nikipanga maneno, yeye ananipa mkate. Watu wa kamati walisema ni mkaidi, nikamtetea. Kumbe mjinga ni mimi.

Jumapili, Novemba 12

Juu. Kengele amehudhuria na kipande cha tangawizi mfukoni. Kanigawia.

Jumanne, Novemba 14

Umeme ulikatika dukani saa sita mchana, nikarudi nyumbani mapema. Mvua ilikuwa imepumzika. Nilipita uani kuanua nguo, mlango wa chumba cha Baba uko wazi.

Jirani yetu alikuwa amemwachia saa ya mezani, ile ya kuzungushwa ufunguo, amwangalizie tu kama bado inafaa. Baba ameishika. Akaiweka sikio la kulia, akasubiri. Akaiweka la kushoto, akasubiri. Kisha akaibana kwenye mfupa nyuma ya sikio, akakunja uso. Mwisho akafungua mdomo, akauma ukingo wa ile saa kwa meno, taratibu, akafumba macho. Akakaa hivyo muda mrefu. Halafu uso ukamfunguka, kidole chake kikaanza kugonga goti: moja, mbili, moja, mbili. Ameipata.

Na mimi nilikuwa nimesimama hatua nne kutoka kwake, beseni la nguo limenianguka kwa kishindo, hakugeuka.

Nikaingia, nikazunguka mpaka mbele yake. Aliponiona akaitoa saa mdomoni, akaifuta kwa shati, kama mtoto aliyekutwa na sukari.

"Tangu lini, Baba?" Nilisema kwa sauti kubwa, karibu na uso wake. Akanitazama midomo.

"Huu mwaka wa tatu. Saa ndogo ndizo zilizotangulia kuondoka. Nikadhani zimeharibika zote. Nimezifungua saa za watu zikiwa nzima, hazina kosa."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, mngenikalisha nyuma. Mngekuwa mnanipigia kelele kama mbuzi aliyeingia shambani." Akacheka kidogo. "Kwa mchungaji namwona anafungua mdomo, anafunga. Namba naisoma ubaoni. Wakisimama nasimama. Mambo yanaenda, mama."

"Na nyimbo?"

Akaweka vidole viwili katikati ya paji la uso.

"Nikianza chini sipati kitu, ni kama kuongea ndani ya godoro. Nikipanda, nikipanda, pana mahali hapa panavuma. Pakishavuma najua nimo. Basi nashika hapo." Akaiweka saa mezani. "Ibada nzima hilo ndilo ninalolisikia. Sauti yangu, pale juu. Nisipolipata lile, nakuwa nimekwenda kutazama watu tu."

Nikaitazama ile saa. Akadhani sijaelewa, akaendelea kunifundisha kama fundi na mwanafunzi wake:

"Na kipimo ninacho. Yule mama wa sauti ya kwanza, mshipa wake wa shingo. Ukisimama, najua tumefika wote. Tangu mnipe kiti naona vizuri zaidi. Hata wanaume siku hizi wanaimba, enh? Zamani walikuwa wavivu. Sasa nawaona wanafungua vinywa mpaka magego."

"Wanaimba, Baba."

"Nilijua."

Akaniomba nisimwambie mtu, hata mwanawe. Nikamwahidi. Kisha nikaenda kuokota nguo kwenye tope, nikazifua upya zote, nikilia kwa hasira, na hasira yenyewe sijui nimpe nani. Sisi ndio tumemdanganya. Miaka mitatu kanisa zima linafumba na kufumbua midomo kwa adabu, hakuna aliyekuwa na adabu ya kutosha kumketisha na kumuuliza. Na mimi ninayeishi naye nyumba moja nilicheka sikio la kufa.

Alhamisi, Novemba 16

Mwenyekiti alipita dukani kutoa kopi za risiti zake.

"Umeshamwambia?"

"Nimeshamwambia."

"Kasemaje?"

"Kanikaribisha mkate."

Akasema mzee ni muungwana. Nikamwambia mashine imekwama, nikaenda kusimama nyuma yake.

Jumapili, Novemba 19

Juu. Kwa mara ya kwanza sikuangalia kitabu, nilimwangalia yeye. Anainua mkono, anafumba macho, anapanda kama mtu anayetafuta ngazi gizani kwa mguu. Kisha anapata. Halafu anafungua macho na kututazama mmoja mmoja, akiona furaha kuu.

Nimeimba beti zote tano. Koo langu si kitu.

Alhamisi, Novemba 23

Nimechapa ratiba ya ibada ya askofu, kopi mia tatu. Mstari wa nne: *Mwanzishaji wa nyimbo: Katibu wa Kamati.* Mashine haikukwama hata mara moja, siku niliyoitaka ikwame.

Nikaja na kopi moja nyumbani. Ningeweza kuandika hapa kwamba niliisahau mezani kwake. Shajara ni yangu, nimdanganye nani? Niliiweka chini ya miwani yake wakati anaoga, nikakimbilia jikoni kama mwizi.

Jioni niliona ameikunja mara nne na kuitia mfuko wa shati. Alikuwa anang'arisha viatu vya binti yangu kwa ajili ya kipaimara. Hakuniuliza kitu. Aliniambia tu chai ya leo ilikuwa nzuri. Sikuwa nimempelekea chai, ile karatasi tu.

Jumapili, Novemba 26

Nitaandika yote, hata kama mkono utauma.

Kiti cha Baba alipewa askofu. Hakuna aliyepanga kwa ubaya, ndicho kiti kizuri tulichonacho. Baba alifika na shati lililonyooshwa, akakiona kimekaliwa, akasimama kidogo kwenye njia ya katikati. Kisha akageuka, akaenda benchi la mwisho kabisa karibu na mlango, pale wanapokaa wanaochelewa na wenye watoto wanaolia. Mume wangu alimwona. Akanitazama, nikatazama vitabu.

Ubaoni, namba 47. Mchungaji akaitaja. Watu wote wakanigeukia mimi.

Nilisimama, nikainua mkono, nikaanza chini, mahali pake hasa. Jamani, ulikuwa wimbo mzuri. Wanaume waliingia wote, sauti za kweli, nzito, ambazo sijazisikia miaka mitatu. Mwenyekiti alikuwa anaimba amefumba macho. Kengele alikuwa anaimba huku anatabasamu, shingo yake laini kama ya mtoto. Askofu akatikisa kichwa kwa kuridhika. Ubeti wote wa kwanza ulikwenda hivyo, nikajisikia kiburi, sikatai.

Nikatazama mlangoni.

Baba alikuwa amesimama na wenzake. Vidole viwili kwenye paji la uso. Mdomo wake ulikuwa unafunguka kidogo, unafunga, unafunguka. Alikuwa anatafuta. Akamtazama Kengele shingoni, hakuona kitu. Akawatazama wanaume, wanaimba. Akajaribu tena, akashindwa. Kisha akashusha vidole, akaanza kufumba na kufumbua mdomo tu, bila sauti, kama walivyomfanyia wao muda wote ule.

Hapo nilikasirika. Sijui nilimkasirikia nani: askofu kwenye mto wa buluu, Mwenyekiti, mimi mwenyewe, au huo wimbo mzuri. Ubeti wa kwanza ukaisha. Kabla hawajavuta pumzi nikainua mkono tena, jambo ambalo si kawaida, nikaanza ubeti wa pili. Juu. Si juu kidogo. Juu ya paa, juu ya mnara wa kengele, kule kule kwake.

Mwenyekiti alifumbua macho kama aliyemwagiwa maji. Lakini desturi ni desturi: wimbo umeshaanzwa, na hakuna wa kumrekebisha mwanzishaji. Wakanifuata. Nusu ya mstari wanaume wakawa wamekwisha, midomo inacheza. Kengele alinitazama kwa macho ya kuua, lakini hajawahi kumwacha mtu peke yake kwenye wimbo, akapanda. Mshipa ukasimama.

Kule mlangoni Baba akauona. Akainua vidole kwenye paji la uso, akafumba macho, akapanda, akapanda. Nikaona uso wake ukifunguka, kama siku ile ya saa. Sauti yake ikatufikia kutoka nyuma, kavu, inatetemeka, iko mahali pake barabara.

Tuliimba beti nne zilizobaki tukiwa watu watatu. Askofu alifungua na kufunga mdomo kwa adabu kubwa mpaka mwisho, kisha akaomba maji.

Nje, Kengele alinishika mkono. Sauti hana kabisa. Akanionyesha koo lake, akanionyesha mbingu, akaondoka.

Tukiwa njiani kurudi, Baba alitembea na mimi nyuma ya wengine. Akatoa ile ratiba mfukoni, imekunjwa mara nne, akanipa.

"Umeanza vizuri, mama. Ila ubeti wa kwanza sikukupata."

Nikamgeukia aone midomo yangu. "Nilikosea, Baba."

"Hutokea." Akatembea kidogo. "Askofu naye anaimba sana, enh? Nimemwona."

"Anaimba, Baba."

Alhamisi, Novemba 30

Kikao cha dharura, ajenda moja: Katibu. Nimeandika muhtasari wa kesi yangu mwenyewe.

Mwenyekiti aliuliza nilipatwa na nini. Nilikuwa nimemwahidi Baba, nikasema, "Mimi nikianza ndivyo ninavyoanza." Akauliza kama naweza kuahidi kutorudia. Nikasema siwezi. Akauliza kama Kengele atashika. Kengele, ambaye bado anaongea kwa kunong'ona, akasema yeye kazi yake ni kufuata, si kuanza, na kama ni kupelekwa juu, afadhali apelekwe na mtu anayejua njia.

Mvua ikaanza, matone makubwa machache, yakaacha.

"Basi kama ni hivyo," Mwenyekiti akasema, "bora mzee. Ana uzoefu."

Nikaandika: *Kamati imeridhia mzee.* Mume wangu nimemwambia hayo tu, na hakuuliza zaidi. Ila jioni nilimkuta chumba cha uani, ameketi mbele ya baba yake, si ubavuni, anaongea polepole na kuachamisha mdomo kila neno. Sijamwambia mimi. Kumbe alikuwa na macho.

Jumapili, Desemba 3

Mvua imekatika. Kiti kimerudi kwa mwenyewe.

Juu.